Ripoti iliyoandikwa kabla mgonjwa hajapanda kitandani

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni daktari wa kawaida, siyo bingwa, katika hospitali ya wilaya huku Kanda ya Ziwa. Nilisomea altrasaundi kwa miezi michache, na sasa mimi na mwenzangu mmoja tunapima wagonjwa 30 hadi 40 kwa siku. Kiolezo cha ripoti ya tumbo nilikitoa mtandaoni. Kimeshajazwa chote: ini la kawaida, nyongo ya kawaida, figo za kawaida. Mimi nabadilisha pale tu penye tatizo. Wiki iliyopita daktari wa upasuaji alinirudishia ripoti mbele ya watu. Nimeandika mfuko wa nyongo ni wa kawaida, hauna mawe, kumbe mama mwenyewe alishatolewa mfuko huo miaka 3 iliyopita. Mganga mfawidhi amekasirika, anataka tuachane na violezo tuandike kwa mkono kama zamani. Mwenzangu anasema huko duniani wote wanatumia violezo. Nani yuko sahihi? Na nikiendelea navyo, nivitengeneze vipi?

JIBU: Marahaba, Daktari. Pole kwa aibu hiyo, na usijione uko peke yako. Nilipokuwa nasomea ubingwa nilikuwa na njia ya mkato mbaya kuliko yako: nafungua ripoti ya mgonjwa aliyetangulia, nafuta jina, naandika jina jipya, narekebisha yaliyobadilika. Siku moja mama mjamzito alitoka chumbani kwangu na ripoti inayosema wiki 34. Hiyo ilikuwa mimba ya mwenzake aliyetangulia. Yake ilikuwa ya wiki 28. Aliyeninusuru ni mkunga. Alipima tumbo kwa utepe, akaona hesabu hazikubali, akanirudishia karatasi bila maneno mengi. Tangu siku ile sijafungua ripoti ya mtu kumwandikia mwingine. Kama nanyi mna tabia hiyo hapo, iacheni leo, kabla hata hamjagusa suala la violezo.

Sasa tuje kwenye ugomvi wenu. Mganga mfawidhi ana haki ya kukasirika, ila amemkamata mshitakiwa siye. Kosa lililetwa na neno "kawaida" lililokuwa limeshakaa kwenye kompyuta tangu asubuhi, kabla yule mama hajapanda kitandani na kabla hujampaka jeli. Karatasi ilikuwa imeshatoa jibu, wewe ukabakiwa na kazi ya kulipinga. Saa nane mchana, mgonjwa wa 27, foleni imefika mlangoni, nani ana nguvu ya kupinga? Kiolezo kinachofaa kinakuuliza. Hicho chako kinakujibia.

Mwenzako naye anasema kweli nusu. Wazo lenyewe ni kongwe: mwaka 1922 daktari wa Detroit, Preston Hickey, alikuwa tayari anawataka wenzake wa eksirei wawe na utaratibu mmoja wa kuandika ripoti, kwa sababu kila mmoja aliandika alivyojisikia. Mfano uliofanikiwa kuliko yote ni wa picha za matiti, BI-RADS, uliotolewa na Chuo cha Radiolojia cha Marekani mwaka 1993. Watu wengi wanadhani siri yake ni visanduku. Siri yake ni kwamba kila namba, kuanzia 0 hadi 6, ina maana moja kwa aliyeandika na kwa anayesoma. Ukiandika 2, daktari anajua hapa hakuna saratani, mama arudi kwenye uchunguzi wake wa kawaida. Ukiandika 4, anajua kinyama kinatakiwa kukatwa kikapimwe. Hakuna haja ya kupigiana simu kuulizana "ulimaanisha nini uliposema uvimbe una mashaka kidogo?"

Lakini mwambie pia mwenzako kuwa huko duniani kwenyewe violezo vimewahi kuwaangusha watu. Mwaka 2009 jarida la Radiology lilichapisha utafiti wa Marekani uliowalinganisha madaktari waliokuwa wanasomea ubingwa, wakisoma picha za MRI za ubongo za wagonjwa waliodhaniwa kuwa na kiharusi. Waliotumia programu ya kubofya vipengele walitoa ripoti zenye upungufu zaidi na usahihi mdogo kuliko waliosimulia kwa sauti kama walivyozoea. Ule ulikuwa mfumo mmoja, na mifumo haifanani, lakini funzo linabaki: mtu akihangaika na skrini ya fomu, macho yanatoka kwenye picha.

Tena macho yetu hayaaminiki kama tunavyojisifu. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani waliweka picha ndogo ya sokwe ndani ya picha za CT za kifua, wakawapa mabingwa 24 wa radiolojia watafute vinundu vya mapafu. Mabingwa 20 hawakumwona sokwe. Mashine ya kufuatilia macho ilionyesha kwamba wengi wao walimtazama palepale alipo. Akili ilikuwa imeambiwa itafute vinundu, basi ikatafuta vinundu.

Hapo ndipo kiolezo kinapopata kazi yake halali. Unajua hali hii: umeweka probu, kile kifaa kinachopitishwa juu ya tumbo, umeliona jiwe la nyongo linang'aa na kivuli chake chini, moyo umeridhika, mkono unanyanyuka. Kumbe figo ya kulia imejaa maji, na hukufika. Mstari unaosema "Figo ya kulia: ___" ukiwa mtupu mbele yako unakurudisha kitandani. Kwa hiyo kiolezo kifuate mpangilio wa mkono wako unavyotembea tumboni, na ukijaze mgonjwa akiwa bado amelala. Ukijaza baadaye kwa kumbukumbu, umerudi kulekule kwenye kubuni. Mkiwa wawili chumbani, mmoja apime akitaja, mwingine aandike. Ukiwa peke yako, karatasi iliyopigwa chapa na kalamu vinatosha, kompyuta itafuata.

Tuanze na kichwa cha karatasi, kwa sababu ndiko ulikoangukia. Fomu za maombi tunazoletewa mara nyingi zimeandikwa "Altrasaundi ya tumbo" na sahihi isiyosomeka, basi. Hakuna swali. Weka mistari mitatu ambayo hutaanza kupima kabla hujaijaza: daktari anataka kujua nini, mgonjwa mwenyewe analalamika nini, na amewahi kufanyiwa upasuaji gani. Kwa mwanamke wa umri wa kuzaa ongeza tarehe ya hedhi ya mwisho. Kama fomu haina swali, muulize mgonjwa. Anajua kwa nini amekuja kuliko unavyodhani. Sekunde 30 tu. Yule mama angekuambia, "Nilifanyiwa upasuaji wa nyongo," na kovu angekuonyesha.

Kisha viungo. Hapa nataka tukae kidogo, maana hapa ndipo ripoti zetu nyingi zinadanganya bila kukusudia. Kwenye kila kiungo, kabla hujasema kikoje, kiolezo kikulazimishe kuchagua moja kati ya manne: kimeonekana chote, kimeonekana kwa sehemu, hakikuonekana, au kimeondolewa. Ndipo maelezo yafuate. Chukua kongosho. Kiungo hiki kinajificha nyuma ya tumbo la chakula na utumbo, na mgonjwa aliyekunywa chai na maandazi asubuhi ana gesi ya kutosha kukifunika chote. Lakini pitia ripoti za hospitali yoyote utakayo: "kongosho la kawaida", "kongosho la kawaida", mgonjwa baada ya mgonjwa, mwezi mzima. Nani aliliona? Daktari wa upasuaji anayesoma maneno hayo anaacha kufikiria kongosho, na mgonjwa mwenye maumivu yanayopenya mgongoni anarudishwa nyumbani na dawa za vidonda vya tumbo. "Kongosho halikuonekana kwa sababu ya gesi" ni sentensi inayoonekana dhaifu, watu wanaiogopa wakidhani watachekwa kwa ujuzi wao. Mimi nikiiona kwenye ripoti ya kijana najua huyu anapima kweli.

Vipimo viachwe wazi na kizio chake: "Mrija mkuu wa nyongo: ___ mm", "Bandama: ___ sm". Usiache namba yoyote iliyochapwa tayari. Nimeona kiolezo chenye figo ya kulia sm 10.2 na ya kushoto sm 10.5, na kwa miezi kadhaa wilaya nzima ilikuwa na figo hizo hizo. Mipaka ya kawaida ibandike ukutani pembeni ya mashine, isiwe ndani ya ripoti: mrija wa nyongo karibu mm 6, aota, mshipa mkuu wa damu, ikifika sm 3 tumboni ni uvimbe wa mshipa. Mipaka hiyo inahitaji akili pia. Mtu aliyetolewa mfuko wa nyongo anaweza kuwa na mrija mpana kuliko wenzake bila kuziba popote, na wazee nao mrija huongezeka kidogo. Unaona sasa daktari wa upasuaji alikuwa anatafuta nini kwa yule mama? Hakuhitaji habari za mfuko. Alihitaji upana wa mrija, na kama kuna jiwe lililobaki ndani yake. Ripoti yako ilimpa habari za kiungo kisichokuwepo, ikamnyima ya kiungo kilichomleta mgonjwa.

Halafu jambo ambalo hukuliuliza, ila ndilo lingenifanya nikupigie simu kama ningekuwa na namba yako. Umesema kiolezo umekitoa mtandaoni. RSNA, chama cha wanaradiolojia cha Amerika Kaskazini, kina maktaba ya violezo vya bure, na vingi vimetengenezwa vizuri. Lakini kiolezo kinabeba magonjwa ya mahali kilikoandikiwa. Mwandishi wa kule, akifika kwenye ini, anauliza kuhusu mafuta na uvimbe. Wewe uko Kanda ya Ziwa. Wavuvi na watoto wanaoogelea ziwani wana kichocho cha tumbo, na kichocho hicho kinaacha makovu kuzunguka matawi ya vena ya pota, mshipa unaoleta damu ya utumbo kwenye ini. Mgonjwa wa namna hii ini lake linaweza kufanya kazi vizuri kabisa, vipimo vya damu vikawa safi, kisha usiku mmoja akatapika damu beseni zima. Kama kiolezo chako hakina mstari wa makovu hayo, utaandika "ini la kawaida", maana hukuulizwa.

Shirika la Afya Duniani lina mwongozo wa altrasaundi ya kichocho, unaoitwa itifaki ya Niamey kwa kuwa ulikamilishwa katika mji huo wa Niger mwaka 1996. Unazigawa picha za ini kwa herufi: A ni ini lisilo na makovu, B ni vitone ving'aavyo vilivyotapakaa kama nyota, bado ni mashaka tu, C ni pete na vijibomba vyeupe kuzunguka matawi madogo, D ni ukingo mweupe uliovimba pale vena ya pota inapogawanyika, E ni mabaka, F ni mistari inayofika hadi ukingoni mwa ini kama kucha za ndege. Chapisha picha hizo ubandike ukutani. Kwenye kiolezo uweke "Mchoro wa ini (A–F): ___", na chini yake upana wa vena ya pota, urefu wa bandama, mishipa ya ziada ipo au haipo, maji tumboni yapo au hayapo. Mistari hiyo mitano kwa hospitali yako ina thamani kuliko kurasa mbili za violezo vya kigeni. Kwa wanaotoka vijiji vya mbali na ziwa, kwenye madimbwi na mabwawa, kichocho cha mkojo ndicho kinachowakabili zaidi, basi uwe na mstari wa ukuta wa kibofu na mwingine wa maji kwenye figo.

Kwa mgonjwa anayeishi na VVU ambaye ana homa na anakonda, ongeza kifungu kifupi cha kutafuta kifua kikuu nje ya mapafu. Njia hiyo ilianzia Afrika Kusini na wengi wanaijua kwa jina la FASH: maji kwenye utando wa moyo, maji kifuani, maji tumboni, tezi za tumboni zinazozidi sm 1.5, na vitone vidogo vyeusi ndani ya bandama. Dakika tano. Bandama yenye vitone, kwa mgonjwa wa hivyo, inaweza kumwanzishia dawa wiki kadhaa kabla ya kohozi lililooteshwa maabara kutoa majibu. Ungekuwa Loliondo au Turkana ningekuambia uweke pia mstari wa uvimbe wa maji unaotokana na minyoo ya mbwa; huko uliko, utakutana nao mara chache, usijaze karatasi bure.

Maana kiolezo kirefu nacho ni ugonjwa. Kila kosa likitokea, mtu anaongeza mstari, na baada ya mwaka una kurasa tatu ambazo hakuna anayezisoma, wala wewe mwenyewe. Wape daktari wa upasuaji na mkunga kalamu nyekundu na ripoti kumi za zamani, wakate wasichokisoma. Utashangaa. Nyonga ya mwanamume na ya mwanamke ziwe violezo viwili tofauti, usiweke kimoja chenye "mji wa mimba / tezi dume, futa kisichohusika", kwa sababu siku moja hutafuta. Cha ujauzito kiwe peke yake, na hicho ndicho rahisi kuliko vyote: watoto wangapi, moyo unapiga, wamelalaje, vipimo vya kichwa, tumbo na paja, kondo liko wapi na liko mbali kiasi gani na mlango wa kizazi, maji kiasi gani.

Kuhusu kompyuta: tumia nyota tatu, ***, kila mahali penye kujazwa, zikiwa nyekundu. Sharti ni moja tu, ripoti yenye nyota hata moja haitoki kwenye printa. Na ukimaliza kukitengeneza, kihifadhi ndani ya Word kama kiolezo, siyo kama waraka wa kawaida. Hapo kila ukikibofya kinafungua nakala mpya tupu, na hakuna mtu atakayehifadhi mgonjwa wa jana juu yake kwa bahati mbaya. Jambo dogo, lakini ndilo lingeniokoa mimi na zile wiki 34.

Sehemu moja isiwe na kiolezo kabisa: hitimisho. Acha nafasi nyeupe, uandike kwa maneno yako. Daktari wa wodini anaanzia hapo, na mara nyingi anaishia hapo. Anza kwa kujibu swali alilouliza. Aliuliza "je, ana mawe ya figo?" Sema "Hana jiwe la figo upande wowote, na figo hazijajaa maji," kisha ndipo uongeze ulichokiona bila kuulizwa. Usirudie orodha yote ya juu. Na ile sentensi ya "tafadhali linganisha na hali ya mgonjwa" uifute. Daktari aliyemshika mgonjwa mkono tangu asubuhi anaambiwa na mtu wa chumba cha giza alinganishe na hali ya mgonjwa! Kama una mashaka, yataje ni yapi na kipimo gani kitayaondoa. (Tunaandika haya yote kwa Kiingereza, najua, na mgonjwa anatoka na karatasi anaipeleka kwa jirani amsomee. Hiyo ni sababu nyingine ya hitimisho kuwa fupi na la wazi.)

Chini kabisa weka mstari wa dharura: "Nimempigia ___ saa ___." Mimba iliyotunga nje ya kizazi na damu imejaa tumboni haisubiri ripoti ichapwe. Kwa mgonjwa wa namna hiyo sahau kiolezo, piga simu, mwandikie mistari miwili kwa mkono aende nayo kwenye chumba cha upasuaji. Ukamilishe karatasi akishaondoka.

Kwa mganga mfawidhi, usiende kubishana naye. Nenda na kiolezo kipya mkononi, kitupu, umwonyeshe kuwa hakuna neno "kawaida" hata moja lililochapwa tayari. Mwombe mwezi mmoja. Kila Ijumaa wewe na mwenzako mbadilishane ripoti kumi pamoja na picha zake, kila mmoja atafute makosa ya mwingine, na matokeo apelekewe yeye. Nadhani atakubali. Kuandika kwa mkono kama zamani hakungeondoa kosa lako. Wa zamani nao walikuwa wanaandika "NAD" kwa mkono, herufi tatu za Kiingereza zenye maana ya "hakuna tatizo lililoonekana", kwenye kila karatasi, na wengine walikuwa hawajaweka hata probu.

Limebaki lile la yule mama. Ripoti yake usiifute wala usiichapishe upya kana kwamba ya kwanza haikuwepo. Andika nyongeza chini yake yenye tarehe, saa na sahihi: mfuko wa nyongo umeondolewa, ripoti ya awali ilikosea. Halafu mpigie simu arudi, aje bila kula, umpime mrija.